Maada yenye ngazi: namna ya kuzuia vitu visipasuke kwa moto na kwa uzito



Kuna ulizo moja ambalo linarudi kila mwaka katika madarasa ya fizike: juu ya nini kilauri kinapasuka tukimwanga ndani yake maji yanayochemka, lakini kikombe cha chuma hakipasuki? Wengi wanajibu mbio: «Ni kwa sababu kilauri ni zaifu.» Jibu hilo halitoshi. Simamisha kilauri kile kile juu ya meza iliyo sawa, weka juu yake matofali mawili polepole: kitayabeba. Kwa hiyo uzaifu peke yake hauelezi jambo hili.

Maelezo yenyewe, kwa kifupi, ni haya: vitu vingi vinapasuka mahali ambapo badiliko ni la ghafula. Kama moto na baridi vinakutana ghafula, ao kama kitu kigumu kinashikamana ghafula na kitu laini, pale ndipo ufa unazaliwa. Na dawa yake ni kuondoa ule mruko na kuweka ngazi. Mafundi wa leo wanatengeneza vitu ambavyo mchanganyo wake unabadilika kidogo kidogo, kutoka upande mmoja mpaka upande mwingine. Hapa tutaviita «maada yenye ngazi». Tuanze na mambo ambayo kila mmoja anaweza kuona nyumbani, kisha tutafika mbali.

1. Moto unarefusha vitu, lakini si kwa kipimo kimoja

Tumejifunza kwamba kitu kikipata moto kinatanuka, na kikipoa kinarudi. Lakini kila kitu kina kipimo chake. Twaa fimbo ya metre moja, uiongezee moto wa digri 100. Itarefuka hivi:

– alumini: milimetre 2,3
– shaba nyekundu: milimetre 1,7
– chuma: milimetre 1,2
– glasi ya kawaida: milimetre 0,9
– kauri ya alumina: milimetre 0,8
– glasi ya Pyrex: milimetre 0,33
– glasi ya kwarsi: milimetre 0,05 tu

(Alumina ni oksidi ya alumini. Ni unga mweupe ambao ukichomwa kwa moto mkali unakuwa kauri ngumu sana. Ile sehemu nyeupe ya buji ya motokari ni alumina.)

Mtu anaweza kusema: «Milimetre moja ni kitu gani?» Ngoja tufanye hesabu. Reli ya chuma yenye urefu wa metre 12 inapata baridi ya usiku, kisha jua la mchana linaiongezea digri 30. Inataka kurefuka milimetre 4,3. Kama kuna nafasi, inarefuka kwa amani. Kama hakuna nafasi, chuma kinajisukuma chenyewe kwa newtoni 72 juu ya kila milimetre moja ya mraba, ni kusema sawasawa na uzito wa kilo 7 hivi. Reli yenye uzito wa kilo 40 kwa metre, tukiikata, uso wake una milimetre za mraba karibu 5.000. Zidisha: ni tani 36 hivi! Hakuna mtu aliyeigusa reli ile, hakuna treni iliyopita, ni jua tu. Nguvu hiyo, tukiigawanya juu ya kila milimetre ya mraba, ndiyo tunaita mkazo.

2. Mkazo unaingia kwa milango miwili

Mlango wa kwanza: kitu ni kimoja, lakini moto wake si mmoja. Ndiyo habari ya kilauri. Maji yanayochemka yanagusa upande wa ndani. Glasi haipitishi moto mbio, basi upande wa ndani umekwisha kupata moto na unataka kutanuka, lakini upande wa nje ungali baridi na unakataa. Upande wa ndani unauvuta upande wa nje. Glasi inavumilia sana kusukumwa, lakini kuvutwa haivumilii. Paa! Imepasuka. Ndiyo maana kilauri kinene kinapasuka upesi kupita kilauri chembamba, ingawa watu wengi wanafikiri kinyume. Na chombo cha Pyrex hakipasuki upesi kwa sababu kutanuka kwake ni kama theluthi moja tu ya glasi ya kawaida.

Mlango wa pili: moto ni mmoja, lakini vitu ni viwili. Gandisha ubao mwembamba wa shaba juu ya ubao mwembamba wa chuma, kisha uvipashe moto. Shaba inataka kurefuka kupita chuma. Kwa kuwa vimeshikamana, hakuna njia nyingine ila kupinda. Pasi ya umeme inatumia jambo hili: ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizoshikamana, kikipata moto wa kutosha kinapinda na kukata umeme kusudi nguo zisiungue. Pale kupinda kunatusaidia. Lakini kama kimoja cha vile vitu viwili ni kauri, haiwezi kupinda. Itapasuka, ao itabanduka.

3. Ubaya uko mpakani

Angalia sahani ya emaye ambayo imeanguka chini. Emaye ni glasi iliyoyeyushwa juu ya chuma. Mafundi wa emaye wanajua tangu zamani kwamba glasi na chuma si ndugu. Kwanza wanachagua glasi ambayo inatanuka kidogo chini ya chuma, kusudi sahani ikipoa chuma kiibane glasi pasipo kuivuta. Tena hawapaki emaye nyeupe moja kwa moja juu ya chuma. Wanatanguliza tabaka la chini ambalo kwa kawaida lina oksidi ya kobalti, na tabaka hilo ndilo linashika chuma vizuri. Ukitazama mahali ambapo emaye nyeupe imebanduka, mara nyingi utaona rangi ya buluu ya giza ao nyeusi kabla ya kufika kwenye chuma. Hiyo ni ngazi moja katikati ya vitu viwili.

Angalia tena nyumba ya matofali mabichi ambayo wamepaka sima ngumu moja kwa moja. Hapa kinachotikisa si moto tu, ni maji pia. Udongo ukipata unyevu unavimba, ukikauka unarudi. Sima haifuati. Baada ya mvua kadhaa sima inaachana na ukuta, inaanguka vipande vipande kama maganda. Mwenye nyumba analalamika: «Sima ilikuwa kidogo!» Mara nyingi ni kinyume: sima ilikuwa nyingi kupita, ngumu sana juu ya ukuta laini. Fundi mwenye akili anapaka kitu ambacho hakizidi ugumu wa ukuta wenyewe, kama udongo wenye mchanga, ao chokaa na mchanga. Anaogopa mruko.

Katika mifano yote miwili ufa hauanzi katikati ya chuma wala katikati ya tofali. Unaanza kwenye mpaka, zaidi sana pembeni, pale mpaka unapotokea inje. Pale vitu viwili vinavutana na hakuna mtu wa tatu wa kuwasuluhisha.

4. Hesabu ya ngazi

Sasa tutwae chuma na kauri ya alumina. Tuseme vimeshikamana wakati wa baridi, kisha tunaviongezea digri 500. Kwa kila metre, chuma kinataka kurefuka milimetre 6, kauri milimetre 4. Tofauti ni milimetre 2 kwa metre, ni kusema 2 kwa 1.000. Lakini kauri hii ikivutwa hata 1 kwa 1.000 ya urefu wake imekwisha kupasuka. Kama chuma ni kinene na kauri ni nyembamba, kauri ndiyo italipa karibu deni lote. Haina nguvu ya kulipa.

Basi tuweke katikati matabaka manne ya mchanganyo:

– tabaka la 1: chuma peke yake
– tabaka la 2: chuma 80, kauri 20
– tabaka la 3: chuma 60, kauri 40
– tabaka la 4: chuma 40, kauri 60
– tabaka la 5: chuma 20, kauri 80
– tabaka la 6: kauri peke yake

Matabaka ni 6, mipaka ni 5. Mchanganyo unatanuka karibu sawasawa na sehemu zake. Kwa hiyo ile tofauti ya milimetre 2 inagawanyika: kila mpaka unapata milimetre 0,4 tu kwa metre. Hiyo ni 0,4 kwa 1.000, na kauri inaweza kuivumilia. Tukiweka matabaka 20 ao 50, mruko wa kila mpaka unakuwa mdogo zaidi, mpaka mwisho hatuoni tena mpaka hata mmoja: mchanganyo unateremka polepole kama mtelemko wa kilima, si kama ukuta wa bonde.

Lakini hapana kudanganyika. Ngazi haziondoi ile tofauti. Chuma kingali kinataka milimetre 6 na kauri ingali inataka 4. Kitu chote kinaweza kupinda kidogo, na mkazo fulani unabaki ndani. Kazi ya ngazi ni kutawanya mkazo ndani ya unene wote, kusudi usikusanyike wote mahali pamoja. Ni kama kubeba gunia la kilo 100: mtu mmoja litamvunja mgongo, watu watano, kila mmoja na kilo 20, watafika. Gunia halikupunguka hata kilo moja.

Tena fundi anaweza kuchagua namna ngazi zinavyoteremka. Anaweza kuweka chuma kingi mpaka karibu na mwisho, kisha kauri inaingia mbio. Ao kinyume chake. Wenye hesabu wanaandika hivi: sehemu ya kauri ni sawa na (z/h) iliyopandishwa kwa kipeo n. Hapa h ni unene wote, z ni umbali kutoka upande wa chuma, na n ni namba ambayo fundi anaichagua mwenyewe. Kama n ni 1, mteremko ni mnyofu. Kama n ni kubwa kupita 1, chuma kinatawala. Kama n ni ndogo kupita 1, kauri inatawala. Kutafuta n ambayo inapunguza mkazo kupita zote, hiyo ndiyo kazi ya hesabu yenyewe. Basi wale wanaouliza «vipeo vinatusaidia nini katika maisha?» wamepata jibu.

5. Wajapani na ndege ya angani

Wazo hili halikuzaliwa kwa siku moja. Mwaka 1972, huko Marekani, M. B. Bever na P. E. Duwez waliandika juu ya vitu vyenye mchanganyo unaobadilika ndani kwa ndani. Lakini kazi yenyewe ilipata nguvu Japani, katika eneo la Sendai, mwaka 1984.

Wainjinia wa pale walikuwa wanafikiri juu ya ndege ya kwenda angani na kurudi. Ndege kama hiyo inaporudi inaingia ndani ya hewa kwa mbio kali sana, na ngozi yake inapata moto wa kutisha. Walihitaji ngozi ya unene wa milimetre 10 hivi, ambayo inje inavumilia karibu digri 1.700 na ndani inabaki karibu digri 700. Fikiri: digri 1.000 za tofauti ndani ya unene wa kidole kidogo!

Metali peke yake ingeyeyuka ao kulainika. Kauri peke yake ingepasuka. Kauri iliyogandishwa juu ya metali ingebanduka. Wamarekani, ambao ndege zao za namna hiyo zilianza kuruka mwaka 1981 na kuacha mwaka 2011, walikuwa wamechagua njia nyingine. Mwili wa ndege ulikuwa wa alumini, na juu yake maelfu ya vigae vya silisi. Alumini inatanuka sana, silisi karibu haitanuki kabisa. Rudi uangalie orodha yetu: 2,3 na 0,05. Kwa hiyo waliweka kitambaa kinene katikati, na nafasi ndogo kati ya kigae na kigae, kusudi kila kimoja kiende kwa njia yake. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini vigae vilidai uangalizi mwingi sana.

Wajapani waliuliza ulizo lingine: kama hatutaki mpaka, juu ya nini tunaweka mpaka? Tufanye kitu kimoja ambacho upande wa inje ni kauri, upande wa ndani ni metali, na katikati hakuna mahali ambapo mtu anaweza kusema «hapa kauri inaisha». Mwaka 1987 walianza mpango mkubwa wa utafiti, na mwaka 1990 wataalamu wa inchi nyingi walikutana Sendai kuzungumza juu ya jambo hilo. Ndege yenyewe haikujengwa. Lakini wazo lilibaki, likaenea katika inchi nyingi.

6. Waliotutangulia: mwanzi, jino na mhunzi

Ukweli ni kwamba Wajapani hawakuwa wa kwanza. Kata mwanzi, uangalie ule uso uliokatwa. Utaona vidoto vingi vyeusi: ndiyo mafungu ya nyuzi ngumu. Upande wa inje vidoto vimebanana. Upande wa ndani vimetawanyika. Juu ya nini? Upepo ukiinamisha mwanzi, mkazo mkubwa uko inje, na ndani mkazo ni mdogo. Mwanzi umeweka nguvu mahali penye kazi, na haukuweka mpaka wowote katikati. Ndiyo maana unainama mpaka chini na kurudi. Hapa moto hauhusiki, ni uzito na upepo tu. Lakini kanuni ni ile ile.

Jino ni mfano wa pili. Inje ni ngozi ngumu sana, ngumu kupita mfupa wote. Ndani ni maada laini zaidi inayovumilia kupigwa. Katikati yake kuna eneo ambalo ugumu unabadilika hatua kwa hatua. Unakula mahindi ya kuchoma, unakunywa maji ya baridi, unavunja karanga, na jino linadumu miaka makumi. Nyufa ndogo zinaingia katika ngozi ya inje, lakini mara nyingi zinasimama karibu na eneo lile, hazipiti ndani.

Mfano wa tatu ni wa mafundi wa chuma. Pinyo za kamyo zinahitaji meno magumu juu kusudi yasilike, lakini ndani zinahitaji chuma kinachovumilia mishituko. Chuma chenye kaboni nyingi ni kigumu lakini kinavunjika kama glasi. Chenye kaboni kidogo ni laini lakini kinavumilia. Fundi anafanya nini? Njia ya zamani ni hii: anatwaa chuma chenye kaboni kidogo, sehemu 0,2 hivi kwa 100, anakifukia ndani ya makala ya kusagwa katika sanduku lililofungwa, na kukiacha katika moto wa digri 900 na zaidi kwa saa nyingi. Kaboni inaingia polepole kutoka inje. Juu kabisa inafika 0,8 hivi kwa 100, na inapunguka kidogo kidogo mpaka ndani, kwa unene wa milimetre moja hivi. Kisha anakipoza kwa ghafula kusudi uso wake ugume. Hakuna mpaka, hakuna ngozi iliyogandishwa, hakuna kitu cha kubanduka. Leo viwanda vinatumia gazi kuliko makala, lakini kazi ni ile ile.

7. Kobalti yetu iko ndani ya habari hii

Mfano wa ine unatuhusu sana sisi Wakongo. Meno ya mashine zinazotoboa mawe ndani ya migodi yanatengenezwa kwa kabidi ya tungsteni, kitu kigumu sana. Lakini punje za kabidi peke yake hazishikamani vizuri. Zinahitaji gundi ya metali. Gundi hiyo ni kobalti. Katika meno ya kutobolea mawe, kobalti ni sehemu 6 hivi kwa 100 ya uzito. Na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika inchi yetu, Katanga.

Sasa, ukitia kobalti nyingi, jino linavumilia kupigwa lakini linalika upesi. Ukitia kidogo, jino ni gumu lakini linakatika. Kwa miaka mingi fundi alilazimika kuchagua hasara moja. Katika miaka ya 1980, huko Uswidi, walipata njia ya kutengeneza meno ambayo kobalti yake si sawa mahali pote: juu ni kidogo, chini ya uso ni nyingi zaidi. Inje inasaga jiwe, ndani inapokea pigo.

Hapa kuna jambo la kufikiri, ndugu wanafunzi. Metali inatoka kwetu katika magunia, inarudi kwetu ikiwa ndani ya jino la mashine lenye bei kubwa. Kilichoongezwa huko njiani ni maarifa ya kujua wapi kuweka nyingi na wapi kuweka kidogo. Maarifa hayo yameandikwa kwa fizike, shimi na hesabu, masomo ambayo tunayo hapa hapa katika ratiba yetu ya juma.

8. Namna ya kutengeneza

Kuna njia nyingi. Tutataja ine tu.

(a) Unga juu ya unga. Wanachanganya unga wa metali na unga wa kauri kwa vipimo mbalimbali, wanamwanga tabaka kwa tabaka ndani ya kalibu, wanabana kwa nguvu, kisha wanachoma vyote pamoja mpaka punje zishikamane.

(b) Kupuliza. Bomba lenye moto mkali sana linayeyusha unga na kuupuliza juu ya chuma. Mabakuli ya unga ni mawili. Kwanza wanafungua metali peke yake. Polepole wanapunguza metali na kuongeza kauri.

(c) Kuzungusha. Wanamwanga metali iliyoyeyuka yenye punje za kauri ndani ya kalibu inayozunguka mbio. Punje zilizo nzito kupita metali ile zinakimbilia inje, kama matope ndani ya ndoo inayozungushwa. Metali ikiganda, ngazi zimekwisha kupatikana.

(d) Lazeri. Mwangaza wa lazeri unayeyusha unga mahali padogo padogo, na mashine inajenga kitu tabaka juu ya tabaka, ikibadilisha mchanganyo inapopanda. Njia hii imeendelea sana katika miaka ya karibuni.

9. Ngazi nazo zina mipaka

Mtu asifikiri kwamba ni kazi ya kuchanganya tu. Kwanza, kuna vitu ambavyo vikichanganyika vinazaa kitu kibaya kupita vyote viwili. Titani na chuma ni mfano: katikati ya ngazi zao inazaliwa maada inayovunjika upesi sana, basi ngazi yenyewe inakuwa mahali pa ufa. Inafaa kupita kwa metali ya tatu ambayo inapatana na zote mbili, kama vanadi. Pili, moto ukikaa sana, atomi zinatembea kutoka tabaka hata tabaka, na ngazi zinafutika polepole. Tatu, bei ni kubwa, tena ni vigumu kupima ndani kama ngazi zimekaa sawasawa. Kwa hiyo sufuria ya nyumbani haihitaji ngazi hamsini. Fundi anaziweka pale ambapo kupasuka ni hasara kubwa ao ni kifo.

10. Jaribio na maulizo

Jaribio la kwanza. Tafuta ile karatasi yenye kung'aa upande mmoja inayofungia shingamu. Kata ukanda mwembamba, ushike kwa kibanio karibu na mshumaa (si ndani ya moto). Utaona ukanda unajikunja. Eleza juu ya nini, na ni upande gani uliorefuka zaidi.

Jaribio la pili. Twaa udongo mzuri wa kufinyangia na mchanga uliochekechwa. Fanya kigae A: nusu ya chini ni udongo wenye mchanga mwingi, nusu ya juu ni udongo safi. Fanya kigae B chenye unene ule ule, lakini kwa matabaka sita membamba: mchanga unapunguka hatua kwa hatua, kama katika orodha ya sehemu ya 4. Kausha vyote viwili kivulini kwa siku kadhaa. Udongo safi unarudi sana ukikauka, wenye mchanga unarudi kidogo; kwa hiyo kukauka kunafanya hapa kazi ya kupoa. Kila siku andika katika daftari: kigae gani kinapinda, kigae gani kinafunguka pembeni, siku gani. Fanya vigae vitatu vya kila namna, sababu kigae kimoja hakitoshi kuwa ushuhuda.

Maulizo:

1. Alumini na kauri ya alumina zimeshikamana. Tunaongeza digri 300. Kwa kila metre tofauti yake ni milimetre ngapi? Tukiweka matabaka 8 ya katikati yenye hatua sawa, kila mpaka unapata ngapi?

2. Pinyo ngumu yote, kutoka inje mpaka ndani, ingekuwa na hatari gani?

3. Kata mwanzi. Gawanya ukuta wake katika sehemu tatu sawa, kutoka inje mpaka ndani. Hesabu vidoto katika kila sehemu. Sehemu gani ina vingi, na mara ngapi?

4. Fundi anataka kupaka sima ngumu juu ya ukuta wa matofali mabichi. Utamwambia nini, na kwa maneno ambayo hayatamkasirisha?

Jibu la ulizo la kwanza tunalitoa hapa kusudi kila mmoja ajipime: milimetre 4,5 kwa metre, na kila mpaka kati ya mipaka 9 unapata milimetre 0,5. Majibu ya mengine, pamoja na matokeo ya vigae, mpeni mwalimu wa fizike.